Kompyuta ya Baba Hairudi Mwanza

Kabeza, Kigali
Jumapili, baada ya misa

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua tumepishana miaka miwili tu na hujawahi kupenda nikuamkie, lakini leo nakuamkia kwa sababu Mama atakuwa amekaa pembeni yako ukimsomea, na hapendi kusikia watoto wake wanaandikiana kama watu wa sokoni. Mama, shikamoo na wewe. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au amejichua nayo yeye? Kaka aliniambia umeanza kutembea hadi kanisani bila mkongojo, nikafurahi, halafu nikakumbuka kwamba Kaka humwambia mtu habari njema hata kama hakuna. Nitumie ukweli kupitia kwa shemeji.

Huku mimi ni mzima. Mvua zimeanza, nyumba haivuji. Kazi ipo, kibanda changu cha ufundi bado kiko Remera, nyuma ya maduka ya nguo, na siku hizi watu wanaleta simu zaidi kuliko redio. Nakula vizuri. Sijapata mchumba, usiulize. Mama, ukurasa wako unaishia hapa. Kaka, mpelekee chai, kisha kaa peke yako usome yaliyobaki.

Sasa tumebaki wawili. Ujumbe wako wa Jumanne niliupata. Uliandika: "Ile kompyuta ya mzee bado unayo? Kuna jamaa Dar anakusanya vitu vya zamani, nimeshamwahidi. Itume na basi. Kaseti zifute zote, anazitaka tupu." Ukamalizia na kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Nilianza kukujibu kwenye simu mara nne, nikafuta mara nne. Ningekuandikia maneno mia ungenirudishia kidole gumba. Ndiyo maana nimenunua karatasi.

Jibu ni hapana, haiji. Na kwa kuwa wewe kazi yako ni kushika maikrofoni kwenye harusi za watu na hujazoea kumsikiliza mtu mpaka amalize, barua itanisaidia.

Hukumbuki jinsi mashine ile ilivyoondoka Mwanza, kwa sababu ulikuwa uwanjani unawasindikiza wageni. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika Baba. Mama alikuwa anagawa vitu. Wewe ulichukua saa na koti, mjomba akachukua baiskeli, na kompyuta ikabaki juu ya kabati la vyombo. Ukasema, "Hiyo takataka mpeni fundi," ukatoka kuwasindikiza wageni. Mimi ndiye fundi. Nikaifunga kwenye blanketi, nikaipakata kwenye basi hadi Rusumo. Pale mpakani afisa wa forodha aliifungua akaona kibodi yenye vitufe vya mpira, akauliza kompyuta yenyewe iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, yote imo ndani ya kibodi, inaunganishwa na televisheni. Akamwita mwenzake waje wacheke pamoja, wakanipitisha.

Miaka miwili ilikaa chini ya kitanda changu. Sikuigusa. Nilipoanza kuitengeneza nilikuwa na sababu moja tu nayo ni ile kaseti ya mchezo alioutunga Baba mwenyewe, na kila nilichofanya kilikuwa kwa ajili yake, kwa hiyo unaposema niifute unajua sasa unaniambia nifanye nini.

Kifaa cha umeme kilikuwa kimekufa, na ni heri, maana kingeichoma. Nimeunda kingine. Nimebadilisha kapasita zote, zilikuwa zimevimba na kuvuja. Ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya vitufe, ambayo ndiyo inayopeleka herufi, ilikuwa imekauka na kukatika kama jani la tumbaku, nikaagiza nyingine, nikaingoja miezi mitatu. Televisheni bapa za siku hizi hazitaki hata kuizungumzia. Nilizunguka kutafuta TV ya chogo hadi nikaipata Gahanga, kwa familia iliyojenga nyumba mpya na kuiacha ya zamani iwe ya mbuzi. TV ilikuwa imo humo na mbuzi. Nimeiosha, nimeipuliza, inaonyesha. Redio kaseti nimeibadilishia mkanda, nimesafisha kichwa chake kwa spiriti. Kijiti cha kuchezea nilikitoa kwenye mashine mbovu niliyoikuta kwa wauza chuma, nikakitengenezea plagi yake.

Siku ilipowaka, kaka, na ile rangi ya kijivu ikatanda kwenye kioo, nilipiga makofi peke yangu chumbani. Nilianza na kaseti za michezo ya dukani, zile za Baba alizopewa na mwalimu wa kigeni aliyemwachia mashine alipokuwa anarudi kwao. Ule wa kuruka mapangoni bado nauweza. Ule wa ndege unanishinda kama zamani. Vijana wenye vibanda jirani na changu walikuja kuona, wakashangaa kwamba mchezo unaingia kwa dakika tano na kelele za kukwaruza masikio, halafu wakashindwa kuvuka hata chumba cha kwanza. Huo ndio ulikuwa mwezi wangu mzuri wa mwaka huu.

Halafu nikaitoa ile nyingine. Unaijua. Juu yake kuna mwandiko wa Baba wa ubaoni, umenyooka: MCHEZO WA NYUMBANI.

Nataka nikukumbushe jambo ambalo najua umelisahau, maana wewe huwa unasahau yaliyokufurahisha. Ilikuwa Jumapili. Rafiki zako wa shule walikuja kuona kompyuta, wanne au watano, na Fredi alikuwa amekalia kiti cha mbele. Baba alisimama nyuma yetu kwa fahari, amevaa shati la kanisani, akitoa maelekezo. Amri ya kuingiza mchezo ni LOAD. Baba alisema kama alivyosema maneno yote ya namna hiyo tangu alipovushwa mto Kagera kutoka Rwanda mgongoni mwa bibi yetu, yaani l yake na r yake zilikuwa kitu kimoja. Fredi akaandika alichosikia, ROAD, na mashine ikakataa. Baba akarudia, polepole, kama alivyofundisha darasani. Fredi akaandika ROAD tena. Ndipo wewe ukageuka, ukamwiga sauti yake hiyo hiyo, ukasema, "Andika road, utafika Bukoba."

Wote walicheka. Sitakutwika wewe peke yako, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nilianguka kutoka kwenye kiti. Shuleni walikuwa wanatuita Wanyarwanda, na siku ile nilifurahi mno kuwa upande wa wanaocheka. Baba hakutupiga wala hakufoka. Alichomoa waya ukutani, akauzungusha mkononi taratibu mpaka ukaisha, akauweka mfukoni.

Wakati ule alikuwa anatutungia mchezo, unakumbuka, alikuwa anakaa nao kila jioni na daftari la hesabu. Alikuwa ametuambia kwamba mwisho wake ni kwao, kwenye kilima, na kwamba tutaona ng'ombe. Baada ya Jumapili ile aliumaliza bila kutuambia kitu. Siku moja tulikuta kaseti mezani. Tukauingiza wenyewe. Mtu mdogo wa herufi anatembea kutoka ziwani, anavuka mto wenye mamba, anakwepa askari, anapanda kilima, anafika kwenye lango. Pale kioo kinaandika HODI, na chini yake JIBU, kisha kinangoja. Unabisha mwenyewe na unatakiwa kujijibu mwenyewe. Tukaandika KARIBU. Likakataa. Tukaandika INGIA, PITA, NANI, majina yetu, jina la Mama, jina la kilima. Wewe uliandika matusi. Halikufunguka.

Mimi nilimfuata Baba jikoni nikamwuliza neno ni lipi. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Mnalijua," akasema.

Sikuuliza tena, na wewe hukuuliza kabisa. Tulikwenda sekondari ya bweni, kaseti ikarudi kwenye kopo lake. Basi kopo hilo ndilo lililokuwa chini ya kitanda changu hapa Kabeza, pamoja na mashine. Nilitaka kuona ndani ya lile lango kabla kaseti haijafa, na ilikuwa inakufa. Kila nikiipitisha inaacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha redio. Nimejaribu kuinakili kwa simu, nakala haisomeki. Nimejaribu kuisoma programu yenyewe, lakini Baba aliifunga, ukibonyeza kitufe cha kuisimamisha inajifuta yote kwenye mashine na inakubidi uingize upya. Mara tisa imeingia vizuri. Mara ya kumi na ya kumi na moja ilikatika njiani. Nilikuwa na orodha ya maneno mia na kitu, Kiswahili na Kinyarwanda nilichonacho, ambacho si kingi.

Hilo nalo nikuambie. Ukija hapa utadhani unarudi kwenu. Mimi nilidhani hivyo. Huku naitwa Mtanzania. Kinyarwanda changu ni cha kuombea chumvi, na sauti zake za kupanda na kushuka zinanishinda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumefyeka mtaro wa mtaa mzima, halafu kikao. Nikanyoosha mkono nieleze habari ya bomba lililopasuka. Nikakosea kupandisha sauti kwenye neno moja, nikawa nimesema jambo ambalo hadi leo hakuna aliyekubali kunieleza. Watu wazima walicheka wakashikana mabega. Kijana mmoja akaniiga, tena vizuri. Nilikaa chini, nikacheka nao, maana usipocheka ni vibaya zaidi. Uso ulikuwa unaniwaka.

Nikarudi nyumbani na matope miguuni, na badala ya kuoga nikawasha mashine. Sijui kwa nini siku hiyo. Kaseti ikaanza kukwaruza, na mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Keza, mwenye nyumba wangu, ana duka dogo la unga na sabuni pale mbele. Ni mjane wa makamo, anazungumza nami Kiswahili chake cha Kigali kwa sababu Kinyarwanda changu kinamchosha.

"Wewe Mutanzania," akasema, "iko nini inaria umo ndani kira siku?"

Nikamkaribisha aone. Alikaa kwenye kitanda, akamtazama yule mtu wa herufi akivuka mto, akaniuliza mamba ni yupi. Ziwa alilijua, mto aliujua, kilima akasema ni cha upande wa Kibungo kwa jinsi kilivyokaa, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona. Tulipofika langoni nikamweleza kwamba hapa ndipo ninapokwama. Akauliza kwani ukibisha hodi wa ndani anajibu nini. Nikamwambia nilishajibu karibu tangu nikiwa mtoto, halitaki. Akaniambia nisogee.

Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. K. A. Kisha L. Kaka, naapa, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumsahihisha. Nilikuwa nimeshasema "Hapana Mama Keza, siyo..." na yeye amemaliza, KALIBU, akabonyeza. Lango likafunguka.

Baba alikuwa mwalimu. Ubaoni hakukosea hata siku moja, wewe na mimi tumenakili Kiswahili chake kwenye madaftari yetu miaka sita. Alijua karibu inaandikwaje. Aliliweka lile neno kama lilivyotoka kinywani mwake, akalifanya kitasa, akatuacha nje na Kiswahili chetu kizuri. Na alisema kweli, tulikuwa tunalijua. Wewe hasa. Mwezi uliopita nilitumiwa video yako ya harusi ya Nyegezi, umesimama mbele ya watu mia tatu, umekunja uso kizee, unasema, "Kalibuni chakura, ndugu zangu, msirare njaa," na ukumbi mzima umeanguka. Najua unaifanya kila Jumamosi, watu wanakuomba. Ufunguo umekuwa mdomoni mwako miaka yote hii, umekuwa ukiutumia kujipatia shibe.

Nikueleze yaliyomo ndani, kwa kuwa uliwahi kuniuliza. Kuna ua. Kuna nyumba ya duara, imechorwa kwa mabano na nyota. Kuna ng'ombe wanne wa herufi, wana pembe kubwa kuliko miili. Mtu mdogo anaingia, anasimama katikati. Kisha kioo kinaandika: NANI AMEKUFUNGURIA?

Mama Keza alinitazama. Mimi nikavuta kibodi, nikaandika jina langu, KIZITO. Sijui nilifikiri nini. Kikaandika: UONGO. LUDI NJE. Yule mtu akatupwa nje ya lango. Nikaandika neno tena, likafunguka, nikaulizwa tena, nikaandika DEO. UONGO. LUDI NJE. Majina yetu mawili aliyapanga humo tangu mwanzo, kaka, ameketi na daftari lake, akayaandikia jibu.

Mara ya tatu nikaandika jina la Mama Keza mwenyewe, Mukamana. Kioo kilikaa kidogo. Kikaandika: MWAMBIE ASANTE. WEWE LUDI NJE.

Nadhani jina lolote lisilo letu lingepata jibu hilo. Hakuna kingine. Huo ndio mwisho wa mchezo. Mama Keza aliuliza ni nani ameandika. Nikamwambia ni baba yangu, amefia Mwanza, hakuwahi kurudi. Akawatazama wale ng'ombe kabla hawajafutika.

"Arikuwa mutu wa huku," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu ya Baba, kaka, si Mwanza wala hapa, wala sisi wanawe. Nililia mbele ya mwenye nyumba wangu, na bado nilikuwa na matope.

Kanisani siku ya mazishi ulishika maikrofoni ukasema Baba hakuwa na kinyongo na mtu. Uliisema vizuri, kwa ile sauti yako, akina mama walilia. Mimi pia niliamini. Tulimzika tukidhani alisahau. Hakusahau. Alikula nasi, alitulipia shule, alitucheka tulipoanguka na baiskeli, na muda wote huo alikuwa ametuweka nje ya lango, na alikuwa na haki. Nina hasira naye kwa kutotuambia. Nina hasira zaidi na wewe kwa sababu wewe bado unacheka, na mimi nimeacha juzi tu.

Kwa hiyo mwambie huyo jamaa wa Dar haiuzwi, wala haifutwi, na kama umeshaahidi ni juu yako kumtafutia takataka nyingine. Shemeji mpe salamu zangu, mwambie namshukuru kwa kumpeleka Mama kliniki, najua ni yeye na si wewe. Watoto wako wote wawili wasalimie, waambie baba mdogo ana michezo ambayo simu zao haziiwezi. Mjomba Petro mwambie baiskeli ya Baba aipake mafuta kwenye mnyororo, asingoje ipate kutu. Mwalimu Rugira, yule jirani mzee aliyekuwa anafundisha na Baba, mwulize taratibu kama Baba aliwahi kumwambia lolote kuhusu sisi. Akisema hapana, mwache. Mama usimwambie.

Kaka, nimeifikiria sana siku utakayokuja mwenyewe, maana najua ukimaliza kukasirika utakuja. Utakaa mbele ya ile TV, kaseti ikiwa bado ina uhai, utaandika neno kama Baba, na lango litakufungukia. Itakuuliza nani amekufunguria. Safari hii utasema kweli, utaandika KIZITO, kwa sababu ni kweli, ni mimi niliyekuambia. Nayo itakuambia uongo, kwa sababu Baba alifikiria watu wote duniani wanaoweza kukufungulia, na mdogo wako hakumo.

Nimekaa hapa nikitafuta makosa kwenye hesabu yake, sijayaona.

Ni mimi mdogo wako,
Kizito